Mwanafunzi Haambiwi Habari Mbaya

Nilipokuwa nasoma Washington nilikaa Wheaton, nje kidogo ya mji, chumba cha chini nyumbani kwa mama mdogo. Miaka ile huwa naikumbuka kwa pua: vitunguu vikikaangwa, na sare yake ya kazi mlangoni ikinuka dawa. Alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, huko Germantown. Akirudi alivua viatu, akajitupa kitini, akauliza, "Haya, mtu wako leo kasemaje?"

Mtu wangu alikuwa mwanafunzi wa karne ya kumi na nane, enzi zile Wazungu walipotangaza kwamba sasa dunia itaongozwa na akili. Alitoka kwao Ujerumani akaenda kusoma Uholanzi, nami nilikuwa naandika tasnifu juu ya barua zake. Kila jioni nilimsimulia mama mdogo kijana alivyokosa kuni, alivyolalamikia mvua na supu ya mama mwenye nyumba. "Maskini, mwambie avae soksi," angesema, huku anasonga ugali. Alimpenda kuliko nilivyompenda mimi, na sijapata tena msikilizaji kama yule.

Mwezi wa tatu nikafikia barua zilizonikera. Mara tatu kijana anamwuliza baba yake hali ya dada yake, na mara tatu baba anajibu habari za ng'ombe. Dada alikuwa amekwisha kufa. Walimficha mpaka afanye mtihani.

"Hao ndio watu wa akili?" nilifoka jikoni. "Si wangemwambia, akaamua mwenyewe?"

Mama mdogo alizima jiko, na mboga ilikuwa haijaiva.

Mimi hasira zangu ziko mbele, akili inafuata nyuma taratibu. Kesho yake nilikuwa maktabani, faili liko wazi, ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi tatu mfululizo nimepiga simu Tanga, na bibi mzaa mama, aliyenilea, ama amelala, ama anaoga, ama kaenda kwa jirani. Bibi yule hakuwahi kulala mchana hata akiwa amefunga. Nikarudisha faili, nikapanda treni ya Wheaton.

Nilimkuta mama mdogo anavaa koti aende kazini. Nikamwuliza palepale mlangoni.

"Ana wiki ya tano kitandani," alisema. "Wajomba zako walikataza usiambiwe. Na mwenyewe kasema, amalize kwanza masomo."

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali. Sasa nimekuambia. Wakinichukia, basi."

Nilimwita mwongo, mimi niliyekuwa nakula kwake na kulala kwake. Nikikumbuka naona aibu. Yeye alipiga simu kazini kuomba ruhusa, akavua koti, akakaa kunitafutia ndege.

Nilimwahi bibi. Alinitazama, akanuna, akauliza nani kaniambia. Halafu akanishika mkono, hakuuachia mpaka magharibi. Nilikaa naye siku kumi na moja, nikimnywesha uji na kumsimulia vituko vya kijana wangu wa Uholanzi, naye akicheka kwa sauti ndogo. Alipokata roho nilikuwa kando yake. Nashukuru kwa hilo mpaka leo.

Niliporudi Wheaton, mama mdogo alipika pilau, akanikalisha jikoni, akaanza kuuliza. Bibi alivaa kanga gani? Uji aliuweza? Miguu ilivimba? Nilijibu kwa mkato, mwili umechoka na safari, mpaka akauliza tena, mara ya pili, bibi alivaa kanga gani. Ndipo iliponiingia. Yule niliyekuwa nikimwita bibi yangu alikuwa mama yake. Yeye karatasi zake zilikuwa bado hazijatoka. Angeondoka Marekani asingerudi. Wiki zote zile alikuwa akiwaogesha mama za watu, anarudi nyumbani, ananipikia, ananiulizia mtu wangu, ili mimi nisome. Na mimi sikuwahi kumwuliza hata mara moja, na wewe unaendeleaje?

"Alinitaja?" aliuliza, macho yake yako kwenye pilau.

"Kila siku," nilisema.

Bibi alikuwa amemtaja mara moja tu, siku ile niliyofika, kwa hasira, kwamba yule mtoto hajui kutunza siri.