Kunde za Wageni

Juzi jirani yangu hapa Mpendae aliniletea kunde za nazi kwa mara ya tatu wiki hii, nikakumbuka shamba la mjomba kule Kiwengwa.

Mjomba alipanda kunde kandokando ya msitu, na ukuta wake wa mawe aliuachia mwanya. Alasiri moja niliuziba ili paa wasiingie. Akayaondoa mawe moja moja.

"Waache wale, mwanangu. Hao wageni wetu."

Kisha akarudi kusuka wavu wake, kamba za makumbi ya nazi zikinuka tope la pwani, nami nikamwona mtu mwenye huruma kuliko wote. Wavu nilidhani ni wa samaki, mpaka kesho yake tulipokula paa. Mjomba hakuwahi kuvua.

Sahani ya jirani bado iko mezani. Nimeifunika kawa, sijaionja.