Ishirini kwa Ishirini

Mpima viwanja hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyagoa, aliyekulia Kenya na kurejea Juba amani ilipotiwa saini, alimuuliza mita za mraba mia nne alizogawiwa zinaishia wapi. "Kila upande ishirini," mpimaji alinong'ona kama anayesali. "Ishirini mara ishirini." Alipigilia vigingi, akavuta kamba, na kila upande aliigusa kwa kidole gumba, akainamisha kichwa kuisikiliza. Alipomaliza, akakumbuka nyundo imebaki ndani ya kamba. Kamba ilimfika magotini tu, angeweza kuiruka. Badala yake alivua kofia, akasimama nje ya zile nyasi tupu, akaita, "Hodi." Nyagoa, aliyesimama katikati, aligeuka kumtafuta mwenye nyumba. Hakumwona mwingine ila yeye mwenyewe, akajibu, "Karibu."