Mahari ya Kitunga cha Mama Kule

Kitunga kidogo cha Sandrine kilikaa nyumbani kwa Pétronille mpaka kikaota mvi. Kweli kabisa! Moshi wa jikoni ulikipaka jivu, panya wakakitafuna ukingo, na kila asubuhi kilimwangalia Pétronille kutoka ukutani kama mtoto anayeuliza atarudishwa lini kwa mama yake.

Kilifika hivi. Pétronille alikimbia vita kutoka upande wa Bambu, kule Djugu, akiwa na wajukuu wake na nguo walizovaa, basi. Hata sufuria hakubeba. Waliingia Bunia asubuhi, miguu imevimba kama mihogo, wakaketi kando ya ua wa kwanza uliowapa kivuli katika mtaa wa Rwambuzi. Mwenye ua alikuwa Sandrine, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, muuza maharagi na mafuta ya mawese. Mtaa mzima unamwita Mama Kule kwa jina la mtoto wake, na sauti yake ikitoka sokoni, hata kuku walioko mbali Irumu wanageuza shingo.

Siku ile Mama Kule hakuuliza kabila wala kijiji. Aliwaangalia, akarudi ndani, akatoka na kitunga kimejaa maharagi. Halafu akafungua chumba cha nyuma alimokuwa anaweka bidhaa zake.

"Magunia italala inje," akasema. "Weye na watoto mulale ndani."

Maharagi yaliliwa. Kitunga kikabaki. Na kitunga cha mwenzako, kila mwanamke anajua, hakirudishwi kitupu. Unatia chochote, hata ndizi moja, ndipo unakirudisha.

Mwanzoni Pétronille hakuwa na hiyo ndizi. Baadaye alianza kusuka vitunga, kama mama yake alivyomfundisha, akauza, akapanda mboga nyuma ya chumba. Sasa kitu cha kutia kilikuwepo, lakini mkono ulikataa. Atie maharagi? Yule anayauza kwa magunia! Atie mayai? Mayai gani yanatosha kwa mtu aliyekupa mlango wa kufunga usiku? Basi kila mwaka shukrani ilikuwa inanenepa, na kitunga kilikuwa kilekile kidogo.

Mama Kule naye, aliyemwita yaya kama dada yake mkubwa, hakumhurumia.

"Yaya Pétro! Kitunga yangu iliolewa kwako kabisa! Na mahari, ata kuku moja sijaona!"

"Ngojea, Mama Kule. Wakwe wanajipanga."

"Wanajipanga mpaka bibi-arusi anazeeka?"

Walicheka wote wawili. Lakini Pétronille akifika chumbani, kitunga kilikuwa kinamwangalia tu.

Ndipo akaja Abigaël, binti wa Bunia aliyesomea sanaa Kinshasa na kurudi na miwani mikubwa kama vifuniko vya sufuria. Alikuwa anapanga maonyesho kwenye kiwanja kikubwa cha mji. Watu waliyaita foire ya sanaa. Picha za kutundika ukutani hakuzitaka. Alitaka vitu vya kumfanya mtu mzima ajione sisimizi.

"Mama, nataka kitunga ambacho watu wataingia ndani."

"Watu?" Pétronille akaacha kusuka. "Iko kitunga ao iko église ya kusalia?"

"Iko kitunga, mama. Wataingia, wataangalia vile jua inapita."

"Jua wanaiona bure kila siku."

Alisema hivyo, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshakubali. Sharti moja tu: angesukia nyumbani, si kiwanjani. Sababu? Alikuwa na maharagi kwenye moto, na hakuna mtu aliyezaliwa wa kumwangalizia maharagi yake.

Abigaël akaleta gari zima la kamba za msituni na fito. Wanawake wenzake wa Djugu wakaja kusaidia. Pétronille alisimama katikati ya kitako cha kitunga, akasuka akizunguka, na ukuta ukapanda. Ukafika kiunoni, ukafika kichwani, akaomba ngazi. Wanaosimulia wanasema kuku mmoja aliingia humo kutafuta mchwa akatoka na vifaranga. Wanasema pia kwamba wingu la mvua lilipita, likachungulia, likadhani ni ziwa. Hilo la wingu linatiliwa shaka. La kuku lina mashahidi.

Asubuhi ya kukipeleka, kitunga kilikuwa tayari, na mlango mdogo ubavuni kwa wageni. Abigaël alikuwa amepima urefu wake, upana wake, hata kivuli chake. Kitu kimoja hakikupimwa na mtu yeyote: mlango wa ua wa Mama Kule.

Wakasukuma. Wakageuza. Wakakilaza, wakakiamsha. Abigaël akavua miwani, akaivaa tena, na mlango haukupanuka.

"Tutakata kitunga vipande," akasema kwa sauti ya msiba.

Mama Kule alitoka akipangusa mikono. Aliangalia kitunga, akaangalia ua wake wa mianzi, ua ambao alitoka kuujenga upya, hata mianzi ilikuwa bado inanukia. Akaenda kuchukua panga.

"Hapana, Mama Kule!" Pétronille akamshika mkono. "Nakuomba. Hapana kukata ua!"

"Acha mukono yangu, yaya."

"Ulinipa nyumba! Sasa unabomoa na ua? Mimi nitarudisha nini?"

"Utarudisha kitunga yangu," Mama Kule akasema, na panga likaanza kazi.

Pengo likafunguka, pana kama barabara. Pétronille alilia machozi ya hasira na ya upendo, yote kwa jicho moja. Alitaka kupunguza mzigo, na tazama, ameongezewa ua mzima!

Kitunga kikapinduliwa mdomo chini. Wanawake wakaingia chini yake, wakakiinua kwa miti kutoka ndani, wakatembea. Kwa nje uliona kitunga kikubwa kama nyumba kinajiendea chenyewe kwa miguu mingi yenye sandale. Pikipiki zikaingia mtaroni. Mlevi mmoja akaapa kuacha pombe, akashika kiapo chake mpaka jioni.

Kiwanjani palikuwa na maajabu. Ndege aliyeshonwa kwa mahema ya wakimbizi, mabawa yake yakitanda kutoka goli mpaka goli. Mnara wa bidon za njano za kutekea maji, ulioimba upepo ukipita. Jembe refu kuliko nguzo za umeme, na chini yake muzee mmoja alisimama akiuliza kama shamba lake nalo limefika. Lakini foleni ilikuwa kwenye kitunga. Ndani mwanga ulipita katikati ya kamba ukawaangukia watu madoadoa, na wote, tajiri na mkimbizi, wakawa na ngozi ya chui mmoja. Mama Kule aliingia, akakaa kimya. Kimya! Watu walidhani anaumwa.

Bwana mmoja mwenye tai akamwuliza Pétronille, "Mama, hii kazi iko na maana gani?"

"Kitunga? Iko ya kutia kitu ndani, papa."

Akajisikia mwenyewe akisema, na moyo ukaruka. Maonyesho yalipokwisha na Abigaël alipotaka kujua kitunga kipelekwe wapi, jibu lilikuwa tayari mdomoni:

"Kitarudi kwa Mama Kule. Ila hakitarudi kitupu."

Jumapili mchana, Mama Kule alikuwa amesimama kwenye pengo la ua wake, mwiko mkononi, aliposikia vigelegele. Kitunga kikubwa kilikuwa kinakuja kwa miguu yake, na ndani kinaimba.

"Nani huko?" akapiga kelele.

"Wakwe!" kitunga kikajibu. Halafu kikasema, "Mèèè!"

Kiliingia kupitia pengo, kikasimama uani, kikainuliwa kama kifuniko cha chakula. Chini yake walikuwa wanawake wa Djugu wote aliowahi kuwapa maji, wajukuu waliolala penye magunia yake, sahani za viazi na samaki, na mbuzi jike aliyenunuliwa kwa malipo ya foire. Katikati, Pétronille, kitunga kidogo kichwani, kimejaa maharagi ya bustani yake.

"Mama Kule," akasema. "Aksanti ya mulango."

Mama Kule alikipokea kitunga kidogo. Akageuka, akamchunguza mbuzi meno kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, akapangusa macho kwa kitambaa cha kiunoni.

"Mbuzi hii ni muzee," akasema. "Lakini mahari nimepokea."

Kitunga kikubwa kikasogezwa kwenye pengo, kikawa ua, na mbuzi akahamia humo kama mwenye mji. Siku ile watu walikula mpaka mbwa wakakataa mifupa.

Kesho yake Pétronille alifungua mlango akakuta kitunga kidogo kizingitini, kimejaa maharagi mapya mpaka juu.

"Mama Kule!" akaita. "Sasa hii iko nini?"

Sauti ikatoka ng'ambo ya ua, ikapita juu ya mapaa yote ya Rwambuzi.

"Binti akisha kulipiwa mahari, anakaa wapi? Si kwa bwana yake? Na mimi sitoi binti mikono mitupu!"

Pétronille akacheka mpaka akaketi chini. Akakiinua, akakirudisha ukutani, kwenye msumari wake uleule, halafu akaenda kuosha maharagi.