Ambreyaji ya motoka ya tata

Bandugu, leo ambreyaji, ile klachi, imeniliza!

Ni ya motoka ya mbio ya tata, baba yangu, ile nyekundu ya milango mbili.
Siku balitufukuza Kolwezi, sisi batu ya Kasai, tata alimuachia jirani, tata Kapenda, ufunguo, tukapanda treni.

Leo, kisha miaka mingi, mi binti ya tata nimerudia, tata Kapenda akanipa ufunguo.
Ndani ya motoka, harufu ni ile ile: tumbako ya tata.

Nakanyaga mafuta: moteri inalia, motoka haivute.
Nakaza freni ya mukono, natia gia, vitesi ya tatu, naachilia ambreyaji.
Moteri ilipaswa kuzimika. Wapi!
Ambreyaji inateleza, imeisha.

Nikakasirika: "Tata Kapenda, nani alichezea motoka ya batu?"

Akainama.
"Ni mi, mama. Kila juma, siku ya Mungu, kisha misa, naizungusha polepole mu lupango, kiwanja ya nyumba, muguu ku ambreyaji saa yote, isikufe. Ku barabara hapana. Si yangu."

Na tata alikufa kule Kasai akisema jirani alimukulia motoka, alimuibia.

(Mweye, kwenu nani alibakia kuchunga bitu yenu?)

Nikamurudishia ufunguo.
"Ni yako sasa. Tutatia ambreyaji mupya, utapiga vitesi ya tatu ku barabara mpaka muji ya Lubudi."

Akacheka na haya:
"Mutoto yangu, hata ya pili sijaitiaka."