Nilivyoletewa Mke wa Mtu Kwenye Shamba la Miti ya Krismasi

Jambo hili sijawahi kulisimulia lote. Kazini wanajua kipande, kanisani wanajua kipande kingine, na kuna watu kama thelathini hivi, nisiowajua hata majina, ambao waliliona kwa macho yao na hawana haja ya kusimuliwa. Leo nawapa lote kwa mara moja, mcheke, mkimaliza tuongee mengine.

Mimi naitwa Deo. Naishi Haltom City, huku Texas, Marekani, chumba kimoja na sebule, na naendesha foklifti, kile kigari cha kunyanyua mizigo, kwenye ghala moja huko Grand Prairie. Ni Mrundi, lakini nimekulia kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu mnakisikia hivi. Mke wangu Godeliva na watoto wetu wawili wako kulekule Kigoma, kwa sababu mimi jina langu la kuja Marekani lilitoka kwenye faili la mama yangu mzazi na wao walikuwa na faili lao, tukaambiwa watafuata baada ya muda mfupi, na huo muda mfupi sasa unaingia mwaka wa tano. Watu wakiniuliza familia, nasema wanakuja. Nimelisema neno hilo mpaka siku hizi linatoka lenyewe kabla swali halijaisha.

Sasa Desemba ya mwaka jana kulikuwa na Jumamosi moja ambayo ovataimu ilifutwa, mizigo ilichelewa sijui wapi, msimamizi akatuambia kaeni nyumbani mpumzike. Wenzangu walifurahi. Mimi kupumzika kunanishinda, jamani, nikikaa kwenye ile sebule naanza kusikiliza friji. Nilifua, nikapiga pasi, nikapika wali wa mtu mmoja (ambao siku zote huwa wa watu watatu, mkono wangu haujazoea kipimo), na ilipofika saa sita mchana nilikuwa nimemaliza kazi zote za nyumbani za wiki nzima. Dirishani nikaona gari la jirani linaingia na mti wa Krismasi umefungwa juu ya paa, baba anashuka, watoto wanashuka, wote wanaushika ule mti kama wanabeba mgonjwa. Nikamuuliza yule baba wameununua duka gani. Akaniambia hawakununua dukani, wameukata wenyewe, kuna shamba mashariki ya Dallas, ukifika unapewa msumeno unaingia unachagua.

Nikasema basi na mimi nitakwenda. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa sababu mtu mwenye akili angevaa jinzi na buti za kazini, lakini mimi nikafikiri ninakwenda kwenye jambo la Krismasi, nikavaa suruali yangu ya kijivu ya kanisani, ya kitambaa chepesi, na shati jeupe, na viatu vya kung'aa. Nika-drive saa nzima na dakika kumi.

Shamba lenyewe ni zuri, siwezi kulisema vibaya. Misonobari imepandwa kwa mistari kama mahindi, kuna trekta linavuta tela lenye marobota ya nyasi kavu ambayo watu wanakalia, na getini kuna banda ambalo alikuwa amesimama mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, amevaa kofia nyekundu ya Krismasi, jina lake kalibandika kifuani: Peggy. Nikapanga foleni. Mbele yangu kulikuwa na familia, nyuma yangu familia, baba, mama, bibi, watoto, mbwa. Nilipofika mbele Bi Peggy akaniuliza (kwa Kiingereza, mimi nawatafsiria tu), "Karibu, mpenzi, mko wangapi leo?"

Nikasema, "Wanne."

Sijui kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema mmoja, naapa, lakini yeye alikuwa akitazama nyuma ya bega langu kuwatafuta wenzangu, na watu wote wa foleni ni kama walikuwa wananitazama, ndipo likatoka.

"Wengine wako wapi?"

"Wanakuja," nikasema. "Wako njiani."

Ambalo, ukitazama vizuri, wala si uongo sana.

Laiti angeishia hapo. Lakini Bi Peggy ni mtu mwema, na watu wema wanauliza maswali. Akanipa vibandiko vinne vya kuweka kifuani na tiketi nne za chokoleti ya moto, halafu akasema, "Niambie mkeo anafananaje, akifika nimuelekeze uliko." Nami badala ya kusema usijali, nikaanza kueleza. Nikamwambia ni mrefu, mweusi, anapenda kujifunga kitambaa kichwani, anatembea polepole. Nikamwambia msichana ana miaka tisa na mvulana ana sita. Nikasikia utamu kabisa wa kuwaeleza, miezi mingi hakuna aliyeniuliza wanafanana vipi. Akauliza, "Na huyo mdogo ana urefu gani?" Nikaweka mkono hapa kwenye nyonga. Nikaupandisha mpaka kwenye mbavu. Nikaushusha tena. Nilimwacha akiwa anabebwa mgongoni, kwenye simu namwona uso tu, urefu wake siujui. Bi Peggy akacheka, akasema watoto wanakua haraka, nikasema ndiyo, wanakua haraka, nikachukua msumeno nikaingia shambani.

Huko ndani nilitembea kama nusu saa. Kuchagua mti peke yako ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, kwa sababu wale wenzangu walikuwa wanabishana, huu mfupi, huu umepinda, huu una pengo, na wakishabishana wanapata jibu. Mimi niliupenda wa kwanza, nikaupenda wa pili, hakuna wa kunikatalia. Familia moja ikaniomba niwapige picha. Nikawapiga. Ya pili wakaona napiga vizuri, wakaniomba na wao. Mpaka ya nne nikawa kama mwajiriwa wa pale, naambiwa nirudi nyuma kidogo, nichuchumae, nihesabu mpaka tatu.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshasema tuko wanne, na yule Bi Peggy atauona mti nikiutoa, nikaona haya kukata mti wa mtu mmoja. Nikachagua mmoja mkubwa, unapita kichwa changu na mkono nimeunyoosha, uko mwishoni mwa mstari karibu na njia ya trekta. Ili uukate inabidi ulale chini, kwa tumbo, uingize kichwa chini ya matawi. Nikalala na suruali yangu ya kanisani, nikaanza kukata.

Aliyeishi Texas anawajua wale wadudu wekundu, wadogo kuliko sisimizi, wanaojenga vichuguu vya udongo laini kwenye nyasi. Wana tabia moja mbaya sana: wanapanda kwanza, kimya, wote, wanajipanga, halafu wanauma kwa pamoja. Siku ile kulikuwa na joto ingawa ni Desemba. Mimi nilikuwa nimelala juu ya nyumba yao kwa dakika tano nzima, nakata mti, napiga mluzi.

Walipoanza, sikufikiri. Ngozi iliwaka kuanzia kwenye magoti mpaka sehemu ambazo sitazitaja, nikatoka chini ya mti kinyumenyume, nikatazama huku na huku, sikuona mtu, nikavua viatu, nikavua suruali, nikaitundika kwenye tawi la mti wangu, nikaanza kujipangusa na kujipiga makofi mapajani. Na mti, ambao nilikuwa nimeshaukata zaidi ya nusu, ukalia kra, ukaangukia njiani na suruali yangu ikiwa chini yake.

Nilikuwa navuta mguu wa suruali ndipo nikasikia trekta.

Sasa niwaambie kilichokuwa kimetokea getini, nilivyoambiwa baadaye. Kuna mama mmoja Mkongomani, wa Fort Worth, alikuwa amefika na watoto wake wawili, wa kike na wa kiume. Mrefu, mweusi, kitambaa kichwani, anatembea polepole. Mume wake alikuwa bado anatafuta pa ku-park. Bi Peggy alipomwona moyo ukamruka kwa furaha, akamwambia mumeo yuko kule ndani anakusubiri, na yule mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akasema yes, yes. Wakapandishwa kwenye tela, wakapewa nafasi ya mbele. Dereva wa trekta, mzee ambaye nilikuja kujua ndiye mume wa Bi Peggy, akaambiwa amtafute mwenye shati jeupe, akawatangazia abiria wote kwamba tunampelekea baba familia yake.

Trekta likakunja kona, likasimama mbele ya mti wangu. Mzee akazima injini, akasema kwa sauti, "Baba huyu hapa." Na watu wakapiga makofi.

Makofi yakaishia njiani. Nilikuwa nimesimama na shati jeupe, soksi na chupi, msumeno mkono mmoja, mguu wa suruali mkono wa pili, kifuani nimebandika kile kibandiko cha kukaribishwa.

Yule mama akamfunika binti yake macho. Akasema kwa Kiswahili, polepole kabisa, "Huyu haiko bwana yangu." Wazungu hawakuelewa. Wakaendelea kutabasamu, wakisubiri tukumbatiane. Ndipo yule mtoto wa kiume akawatafsiria kwa Kiingereza kizuri cha shuleni: "Huyu si baba yetu. Hatumjui huyu mtu."



Mzee wa trekta akanigeukia. "Kwa hiyo familia yako iko wapi, bwana?"

"Kigoma," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Hiyo iko upande gani wa Dallas?"

"Tanzania. Iko Afrika. Wako Afrika, mzee. Hapa nimekuja peke yangu."

Wakati huo yule bwana mwenyewe akatokea anakimbia, kapita katikati ya miti baada ya kuambiwa getini kwamba mkewe ameshapelekwa kwa mumewe. Alikuwa mtu mpana, anahema. Akamtazama mke wake, akanitazama mimi kuanzia juu mpaka chini, akatulia chini. "Ni nini inapita hapa? Huyu papa ni nani? Juu ya nini iko bila suruali mbele ya bibi yangu?"

Nikamjibu kwa Kiswahili. Sijui kama nimewahi kuongea haraka namna ile. Nikamweleza wadudu, nikamweleza mti, nikamweleza getini nilivyosema wanne, na nilipofika kwa Godeliva nikaishia hapo, nikarudi kuvuta mguu wa suruali. Yule bwana hakucheka. Angecheka ningeshukuru. Alivua koti lake akanipa nijifunge kiunoni, akainama akanyanyua mti kwa mkono mmoja nikavuta suruali, na watu wote wa kwenye tela wakageuka kutazama upande mwingine, wote kwa pamoja, hata watoto. Heshima ile iliniumiza kuliko wale wadudu. Bibi mmoja alikuwa anafuta machozi. Nilitamani wangenizomea tu yakaisha.

Mti niliwaachia wale Wakongomani. Walikataa, nikawaambia kwanza hauingii kwenye gari langu, na hata ungeingia, dari la nyumba yangu liko chini. Nikawasaidia kuufunga juu ya gari lao. Yule bwana, wanamwita Papa Neema, akaandika namba yangu, akasema Krismasi nije tule ugali na sombe, kisamvu chao. Mkewe alikuwa bado hajanitazama usoni tangu mwanzo. Walipokuwa wanaondoka ndipo akashusha kioo, akauliza, "Na bibi yako, atakuja siku gani?"

Hilo swali nimelijibu miaka yote hii. Mdomo ukajipanga wenyewe kusema wako njiani. Nikamtazama yule mama na watoto wake nyuma yake wamejifunga mikanda, nikasema, "Sijui, mama. Sijui kama watakuja."

Akatikisa kichwa. Hakusema Mungu atasaidia. Wakaenda.

Nilirudi na dirisha wazi, najikuna njia nzima. Kesho yake kabla ya misa nikampigia Godeliva nikamsimulia. Alicheka mpaka akaweka simu chini, nikasikia anawasimulia watoto na wao wanacheka, nyumba nzima ya Kigoma inacheka. Aliporudi akauliza kama huyo mwanamke alikuwa mzuri. Nikasema sikumtazama. Akasema, "Deo, ulimtazama." Kisha muda wa maongezi ukakatika.

Krismasi sikwenda kwa Papa Neema. Nilifika mpaka nje ya nyumba yao, nikaona mti dirishani una taa, nikaona vichwa vinapita, nikakaa garini kidogo nikarudi. Mwaka huu ameshanipigia mara mbili, anasema safari hii asiposikia mlango ukigongwa atanifuata mwenyewe. Nimemwambia nitakuja. Akauliza nitakuja na nani, aweke viti vingapi, na nikasikia kabisa ananitega, anasubiri. Nikamwambia kimoja, papa. Weka kiti kimoja.

Nimeapa hivi: mtu akiniuliza tuko wangapi, nitatoa hesabu ya waliopo. Inauma, lakini angalau unabaki umevaa.