Kazi ya Kubembeleza Watu

Siku niliyoripoti kazini Kasulu, mlinzi wa lango aliisoma barua yangu ya ajira mara mbili, akanitazama juu mpaka chini, kisha akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ndiye mimi."

"Wewe ndiye afisa uhusiano?"

"Ndiyo, mzee."

Alifungua lango. Ndani nikaelewa alichokuwa akitafuta. Barua ilikuwa imeandikwa E. Ruhuza tu, na ofisi nzima ilikuwa inamsubiri binti. Meza ya mapokezi ilitandikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya pinki, na ukutani, usawa wa uso wa mtu aliyekaa, walipigilia kioo kidogo cha kujitazamia.

Mratibu wa Mkoa ndiye aliyekuwa mkuu wetu wa kazi. Alikuwa mtu mzima aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, na alizungumza taratibu kama anayeandikisha imla.

"Ruhuza, nisikufiche. Tulidhani wewe ni Esta au Elizabeti. Wageni wetu wamezoea kupokelewa na binti anayecheka vizuri."

"Na mimi naweza kucheka, Mratibu."

Yeye hakucheka. Alinionyesha taipureta, mashine ya kudurufu ya stensili na kitabu cha wageni, akarudi chumbani kwake. Ndivyo nilivyoanza.

Ilikuwa miaka ya tisini, Warundi wakivuka mpaka kwa maelfu kukimbia vita. Shirika letu, ambalo jina lake nitaliacha, lilikuwa likiwahudumia makambini. Vijana wanaosoma uhusiano wa umma leo wana kompyuta na kamera. Sisi tulikuwa na ubao wa matangazo, redio koli ya kuzungumza na vituo vya mbali, na kipaza sauti cha mkononi kilichokula betri kama mchwa. Kazi yenyewe ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa kuwaeleza watu shirika linafanya nini. Upande wa pili, ambao wengi hawaujui hadi leo, ulikuwa kulieleza shirika watu wanasema nini. Huo wa pili ndio mgumu, maana wakubwa hawapendi kuusikia.

Madereva wa malori ndio waliokuwa wa kwanza kuniita Bi Uhusiano. Asubuhi walipanga mstari kwenye dirisha langu, wamekunja mikono vifuani, na kunisalimu kwa sauti nyembamba: "Shikamoo, Bi Uhusiano!" Nilicheka nao, kwa kuwa asiyecheka huongezewa. Wageni kutoka Dar es Salaam walipofika waliniuliza yuko wapi dada wa mapokezi, na nilipowakaribisha chai waliipokea wakitazama pembeni, kana kwamba wameona mtu akivaa nguo isiyo yake.

Nyumbani hapakuwa na nafuu. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Munanila, mtu asiyependa maneno. Nilipomweleza kazi yangu aliendelea kuchambua kahawa, halafu akasema, "Mwana wanje, mwanangu, nimekutoa shambani ukasome. Wenzako wanajenga barabara. Wewe unachekea wageni." Hakuuliza tena juu ya kazi yangu mpaka alipokufa.

Hata kuoa kulikuwa na mtihani. Mshenga alipofika ukweni, Heru Juu, akasema kijana wetu ni afisa uhusiano. Mzee wa nyumba akauliza, "Uhusiano na nani?" Waliokuwepo wakaangua kicheko, na mshenga, kuokoa jahazi, akasema alikosea, mimi ni mtunza stoo. Nikaoa kama mtunza stoo. Mke wangu alijua ukweli baada ya mwezi, na hakuwaambia kwao.

Nayaeleza haya yote si kwa kulalamika. Nataka msomaji aelewe ni mtu wa namna gani aliyehamishiwa Kibondo mwaka wangu wa tatu kazini. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Mtu aliyechoka namna hiyo ni hatari, na yeye mwenyewe hajui.

Kibondo nilipewa kambi moja kubwa, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mjini. Huko nilimkuta Skolastika. Alikuwa mkimbizi, mwalimu wa shule ya msingi kwao Burundi, na shirika lilikuwa limemwajiri kama mkalimani. Aliishi kwenye nyumba ya matope iliyoezekwa turubai pamoja na mama yake mzee. Yule bibi nilimwita Nyogokuru, yaani bibi kwa Kirundi, na kila nilipopita alinipa kibuyu kidogo cha togwa, hata siku ambazo niliona wazi kwamba wao wenyewe hawajala.

Kazi hasa alinifundisha Skolastika. Kila asubuhi tulizunguka kwenye mabomba ya maji, kwenye foleni ya zahanati na mahali pa kusagia mahindi, tukiwasikiliza watu. Nilichosikia nilikiandika kwenye daftari tuliloliita daftari la tetesi. Tetesi ni maneno yanayotembea bila mwenyewe. Ukiyapata asubuhi unaweza kuyajibu mchana. Ukiyaacha, jioni yameshakuwa ukweli wa kambi nzima.

"Usiwaulize wanaume waliokaa barazani," aliniambia Skolastika. "Hao wanasema wanachotaka ujue. Kaa na kina mama wanaosubiri maji. Wao hawana nguvu ya kudanganya."

Basi nikawa mwanaume anayekaa na wanawake kwenye foleni ya maji. Mnaweza kukisia wenzangu walivyonisema.

Msimu mmoja wa mvua, mkuu wangu akawa mtu mpya. Alikuwa Meneja wa Kituo, aliyetoka jeshini, mchapakazi, mwenye buti zinazong'aa hata kwenye tope. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba watu ni mzigo unaotakiwa kufika kwa wakati. Katika wiki zake za kwanza likaja suala la kuhamisha upande mmoja wa kambi. Bonde lile lilikuwa linajaa maji na vyoo vilikuwa vinabomoka, kwa hiyo familia zilitakiwa zipelekwe eneo la juu, mwendo wa saa mbili kwa lori. Jambo lenyewe lilikuwa jema.

Lakini kwenye daftari langu, siku nne mfululizo, yalikuwepo maneno yaleyale: malori yanakuja kuturudisha Burundi. Niliyasikia bombani, niliyasikia zahanati. Nyogokuru mwenyewe aliniuliza, "Mwanangu, ni kweli mtatupeleka kule walikowaua watu wetu?" Nikamwambia si kweli. Akanishika mkono, akasema, "Basi waambie na wengine kama ulivyoniambia mimi."

Skolastika alikuwa ameitwa Kasulu kwenye semina ya wakalimani. Nikaenda peke yangu kwenye kikao cha wakuu wa idara, nikaeleza tetesi ile, nikaomba siku tatu za kukaa na kina mama na viongozi wa kila kitongoji, na wazee wachache wapelekwe kwanza wakalione eneo jipya kwa macho yao.

Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia wengine.

"Bi Uhusiano anataka siku tatu za kubembeleza."

Walicheka wote, mhandisi wa maji, bwana afya, na msimamizi wa malori.

"Ruhuza," akasema, sasa bila kicheko, "mvua haikusubiri wewe umalize kubembeleza. Leo alasiri utachukua kipaza sauti, utawaambia malori yanafika kesho asubuhi, na asiyepanda kadi yake ya posho ya chakula inafutwa. Uwaambie kama mwanaume. Unaweza, au nimtafute mwanaume?"

Nilikuwa na jibu. Kwa miaka mingi nimelirudia jibu hilo nikilima, nikiwa kanisani, nikiwa njiani. Ningesema: Bosi, watakimbia. Maneno mawili tu. Siku ile nilisimama, nikasema, "Naweza."

Alasiri nilipanda nyuma ya gari la wazi na kipaza sauti changu. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa titi moja, na ningeweza kuwaambia kwa lugha ya nyumbani, kama ninavyosema na shangazi zangu. Nilichagua Kiswahili cha kiserikali, kile cha "mnaamriwa" na "hatua kali zitachukuliwa". Nilisikia sauti yangu ikitoka nzito, ikirudi kutoka mlimani, na ukweli wangu ni huu: niliipenda. Niliona wanawake wakiacha ndoo zao na kurudi nyuma. Niliona madereva wakinitazama kwa namna ambayo hawajawahi kunitazama. Mmoja akanipiga begani niliposhuka: "Leo umenena, kaka!" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kaka.

Asubuhi malori yalipofika, bonde lilikuwa karibu tupu. Watu walikuwa wameondoka usiku kwenye mvua kubwa, wakashuka kuelekea mtoni, wakitaka kuvuka na kujificha kwenye misitu ya upande wa pili. Mto ulikuwa umefurika. Wengi walirudi wenyewe siku ile na iliyofuata, wamelowa, wanatetemeka, na watoto wenye homa. Wengine walirudishwa na wakulima wa vijiji vya jirani, waliowakuta wamejikunyata mashambani.

Nyogokuru alikutwa siku ya pili, amekaa chini, ameegemea kichuguu karibu na maji, kanga yake imefungwa vizuri kifuani. Hakuzama. Baridi ndiyo iliyomuua. Majirani waliokuwa wakimshika mkono walisema aliwaambia watangulie, miguu yake imekataa.

Skolastika alirudi kutoka Kasulu akakuta tumeshamleta. Nilitegemea atapiga kelele, na moyoni nilitamani apige. Alikaa kando ya mama yake, akamfuta tope usoni kwa pembe ya kitenge, akasema, "Mana yanje," yaani Mungu wangu, mara moja tu. Halafu akaniuliza bila kunitazama.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Uliandika kwenye daftari?"

"Niliandika."

"Siku ngapi?"

"Nne."

Aliikunja upya pembe ya kitenge, akaendelea kumfuta mama yake.

Kazi ya afisa uhusiano haikuishia hapo. Panapotokea msiba wa namna ile, ofisi hutoa taarifa kwa umma, yaani maelezo rasmi ambayo magazeti na wafadhili watayategemea. Niliandika ya kwanza, nikasema watu hawakuelezwa vizuri, wakaogopa. Meneja aliichana mbele yangu bila hasira, kama mtu anayechana bahasha. Akasema niandike kwamba baadhi ya wakimbizi walikaidi maelekezo. Nikaiandika ya pili. Niliipiga chapa mwenyewe, nikaidurufu mwenyewe, nikaweka sahihi. Hakuna aliyenishika mkono.

Tangu siku ile hakuna aliyeniita Bi Uhusiano.

Skolastika aliacha kazi wiki ileile. Mimi nikaendelea. Nilirudishwa Kasulu, nikapandishwa cheo, nikasimamia vituo vitatu, na nikafundisha vijana wa kike na wa kiume waliokuja baadaye. Yule Mratibu, karibu na kustaafu kwake, aliniita akasema amesikia yaliyotokea Kibondo. "Nilikosea siku ile ya kwanza," akasema. "Kazi hii haikutaka binti wala bwana. Ilitaka mtu asiyeona haya kusikiliza." Nilimshukuru. Lakini maneno mazuri yakichelewa huwa kama mvua baada ya mavuno.

Siku nilipoagwa mimi, mkubwa mmoja alisimama akanisifu kwamba katika miaka yangu yote hajaniona nikiyumba, kwamba mimi ni mwanaume wa shoka. Watu wakapiga makofi. Mke wangu peke yake hakupiga. Yeye anajua ninavyoamka usiku msimu wa masika, na anajua sikai kwenye chumba chenye redio yenye sauti ya juu.

Baada ya kustaafu nilipata habari kwamba Skolastika hakurudi kwao. Aliolewa na mtu wa familia ya Warundi waliokuja zamani, ambao sasa ni raia, na anauza unga wa muhogo gulioni Kumsenga. Nilikaa na habari hiyo mwaka mzima. Mwishowe nikapanda basi.

Nilimkuta nyuma ya magunia yake, amejaa mvi. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Alinipa kigoda, akaniulizia watoto, nami nikamuulizia wa kwake. Kisha nikamwambia nilichokwenda kumwambia, na nilimwambia kwa Kiha: kwamba nilijua, kwamba niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa wao kufa, na kwamba ile taarifa niliiandika mimi.

Alipima unga wa mteja mmoja, akamfungia, akamuaga. Ndipo akanijibu.

"Taarifa niliisoma. Ilibandikwa zahanati. Nilijua mwandiko wa maneno yako."

"Nimekuja kuomba msamaha, dada Skola."

"Kama Mkristo nilishakusamehe, Bwana Ezekieli. Nilisamehe mapema, kwa sababu nilitaka kulala." Alikung'uta unga mikononi. "Kama mtoto wa mama yangu, bado."

Nikamuuliza kama naweza kwenda naye kaburini, hata kung'oa majani tu. Akatikisa kichwa. Kambi ilipofungwa, akasema, alama zote za miti zilioza, na pale sasa ni pori. Yeye mwenyewe alikwenda mara mbili na hakupaona.

Mteja mwingine akaja. Nikanyanyuka kumpisha, nikasimama pembeni kidogo ya magunia, sijui nisubiri au niondoke. Alipomaliza kumpimia alinitazama, akasema kwa upole, kama alivyokuwa akisema na kina mama kwenye foleni ya maji, "Nenda, mzee. Basi la mwisho linaondoka saa tisa."