Kompyuta Haijafa, Mjomba: Fundi Anayepima Betri Kwanza

Saa tatu asubuhi, fundi umeme wa magari anafungua boneti ya gari dogo la kijivu ambalo taa za dashibodi zimewaka karibu zote. Mwenye gari, mjomba wake, amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Safari hii usiniulie gari," anasema.

"Shikamoo kwanza, mjomba."

"Marahaba. Usiniulie gari."

Mashine ya kusoma hitilafu imetoa kodi, yaani namba za hitilafu, kumi na moja: sensa za injini, gia, breki, hadi usukani. Gereji nyingine imeshamwambia mjomba kuwa kompyuta ya injini imekufa. Ni mkewe aliyemshikilia mpaka akakubali kuja kwa mpwa wake.

Hofu yake ina sababu. Miaka mitatu iliyopita, mpwa huyuhuyu alimpa jibu kama hilo kuhusu gari lake la zamani.

"Nilikuwa nimenunua mashine, kichwa kimenivimba. Nikaamini kila ilichoandika," anakiri fundi huyo.

Mjomba aliliuza gari lile kwa theluthi ya bei yake. Mnunuzi akabadilisha betri tu, na gari linapiga kazi hadi leo.

"Mjomba alikuwa ananipigia simu kunitania: 'Marehemu wako kanipita barabarani.' Mwanzoni nilicheka. Baadaye akaacha kupiga kabisa, na hapo ndipo iliponiuma."

Tangu hapo hagusi gari kabla ya kupima betri, na wenzake wamembatiza Betri Kwanza. Anasema kati ya magari matano anayopokea kwa siku, moja au mawili hayana ugonjwa mwingine ila betri.

"Umeme ukipungua, kompyuta za gari hazisikilizani. Ni kama simu yenye mtandao mbovu, kila mtu anadhani mwenzake kakata. Basi zinashtakiana."

Anapima. Gari likiwa limezimwa, betri inasoma volti 11.7, pungufu ya 12.6 za betri nzima. Mjomba anapopiga stata, inaporomoka hadi 7.9.

Fundi anaandika kodi zote daftarini, anafunga betri nyingine iliyo nzima, kisha anapima chaji ya altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka: volti 14.2. Hapo pako sawa. Anafuta kodi, wanazunguka mitaani dakika ishirini, wanarudi, anasoma upya.

Kumi zimetoweka. Imebaki moja, ya sensa ya gurudumu la nyuma.

"Na hiyo ni ya uongo?" anauliza mjomba.

"Sijui bado."

"Mwaka ule ulijua kila kitu."

"Ndiyo maana ukauza gari, mjomba."

Mzee anacheka kidogo, halafu anaingia garini. "Kesho asubuhi nalileta, ulitazame taratibu."

Fundi anabaki akifuta mikono kwa kitambaa ambacho chenyewe ni kichafu kuliko mikono. Kesho alikuwa na magari mawili ya kuanza nayo. Ameshawapigia wenyewe wasogeze hadi mchana.

"Akija, nitajua amenisamehe," anasema. "Asipokuja, nitampigia mimi. Tangu alipoacha kupiga nimekaa kimya nikisubiri apige yeye, na mwenye kosa ni mimi."